UZI: Winchi ya gereji ya kuvua na kutundika hadtopu. Vipimo, vifaa, na makosa yanayovunja vioo

BoritiMbili

Wakuu, uzi huu ni kwa wenye gari lenye hadtopu (paa gumu) ya kuvua: Wrangler, Bronco, Defender za zamani na jamaa zake. Kanopi ya pikapu nayo inaingia humu kwa sehemu kubwa. Nguvu ya kunyanyua si tatizo, winchi yoyote ya mkono inaimudu. Kazi iko kwenye mambo mawili: hadtopu ipande ikiwa sawa pande zote, na ikishapanda isishuke bila ridhaa yako.

Anza na uzito. Hadtopu ya Wrangler JK ya milango minne, ukishatoa vile vipande viwili vya paa vya mbele vinavyotoka peke yake, iko kati ya kilo 60 na 70. Ya Mazda MX-5 ni kilo 20 na ushee. Hiyo watu wawili wanaibeba, tafuta stendi na usijisumbue na mtambo. Usikisie uzito wa yako. Mara ya kwanza ivueni watu wanne, iwekeni juu ya mbao mbili zilizolazwa kwa upana, moja mbele na moja nyuma, kila ubao ukikalia mizani ya bafuni. Soma zote mbili. Tuseme mbele ni kilo 27, nyuma 41, na umbali kati ya mbao ni sm 140. Jumla ni 68, na kitovu cha uzito kiko 41 × 140 ÷ 68, yaani karibu sm 84 kutoka ubao wa mbele. Namba hiyo iandike ukutani, utaihitaji. Karibu kila hadtopu ni nzito nyuma kwa sababu ya vioo.

Pili, kimo. Kabla hujanunua hata skrubu moja, pima vitu vitatu kutoka sakafuni: juu kabisa ya gari, ukingo wa bodi ambapo hadtopu inakaa, na juu kabisa ya roli keji (ile fremu ya mabomba ya usalama ndani ya gari). Mfano: 185, 125, 175. Ukingo wa chini wa hadtopu lazima uvuke roli keji kwa sm 10, kwa hiyo inapanda sm 60. Mgongo wake unafika 245. Ongeza sm 25 za fremu, mikanda na puli, unapata 270. Dari ikiwa chini ya hapo, ama unapunguza unene wa fremu, ama unaachana na wazo la kutundika juu ya gari. Na ukumbuke mlango wa gereji wa kukunjwa juu: pima ukiwa umefunguliwa.

Vifaa vyangu ni hivi, kwa mzigo wa kilo 90 (hadtopu 68, fremu kama 20):
- winchi 1 ya mkono yenye breki yake, ya kilo 500 hivi
- waya wa chuma mm 4 wa nyuzi laini (7×19), mita 25 hadi 30
- puli moja moja 2, puli pacha 2, na puli pana 1 ya kona ya ukutani, zote zenye beringi
- skwea paipu 40 × 40 × 2 kwa fremu ya H inayoshika hadtopu kwa juu
- mikanda 4 ya upana wa mm 50
- minyororo 4 mifupi ya usalama yenye ndoano za kufunga

Nyaya nne zinatoka pembe nne za fremu, zinapita kwenye puli za dari, zinakutana kwenye bamba moja la chuma lenye matundu, na kutoka hapo unaenda waya mmoja hadi kwenye winchi. Nyaya mbili za upande wa mbali zinapita juu ya puli pacha za upande wa karibu na winchi. Ukikaza winchi, zote nne zinavutwa umbali uleule.

---

mkanda50

Mpangilio mzuri mkuu, ila kuna kitu wengi hukisahau: bamba linasafiri. Hadtopu ikipanda sm 60, bamba nalo linasogea sm 60 kuelekea puli ya kona. Likianza karibu, linagonga puli wakati hadtopu iko nusu ya njia, na ukiendelea kukaza unakata waya. Acha nafasi ya kimo chako pamoja na sm 20 za ziada.

Na hesabu ya puli isomwe vizuri. Puli inayogeuza waya kwa nyuzi 90 haibebi uzito wa waya, inabeba mara 1.41 yake. Kila pembe ina takriban kilo 22, basi puli inavutwa kilo 32, tena kwa mshazari kuelekea ndani. Pete ya skrubu iliyopigwa wima darini haipendi kuvutwa kwa mshazari, inapinda au inachomoka kidogo kidogo. Tumia puli yenye bamba la kufungwa kwa bolti mbili au nne.

Puli yenye taabu kubwa kuliko zote ni ile ya kona ya ukutani. Pale nyaya zote zimeshajumlishwa: kilo 90, weka na msuguano wa puli, sema 100. Mara 1.41 ni kilo 141 kwenye puli moja, na watu huifunga kwa skrubu mbili za kabati.

---

gereji_ndogo

Swali wakuu. Gereji yangu ina kenchi za mbao na bati juu, dari ni mbao nyembamba tu. Naweza kufunga puli kwenye ule ubao wa chini wa kenchi?

---

FundiKenchi

Usifunge. Ubao wa chini wa kenchi umewekwa kuzuia kenchi isipanuke, yaani unavutwa kwa urefu wake. Mzigo wa kuning'inia katikati unaupinda, na viungo vya bamba la meno vinafunguka. Kilo 90 zinaonekana chache, lakini zinakaa pale miezi, siku upepo unavuta bati na siku fundi amepanda juu. Kama kuna mhandisi aliyechora hizo kenchi na ameandika mzigo unaoruhusiwa, sawa. Vinginevyo jenga fremu yako yenye nguzo.

Kama dari yako ina boriti za kweli (sakafu ya juu imekaa juu yake), hapo inawezekana. Usifunge puli kwenye boriti moja. Pitisha ubao wa 50 × 150 kukatiza boriti tatu au zaidi, ufunge kwa skrubu nene za kichwa cha spana, mm 10 × 100, mbili kwa kila boriti. Ubao ukalie kwa ubapa wake. Toboa kwanza kwa biti ya mm 7. Bila tundu la kwanza boriti inapasuka kwa urefu na hutaiona kwa sababu iko nyuma ya dari. Skrubu iingie katikati ya upana wa boriti, na angalau mm 50 za meno ziwe ndani ya mbao. Puli ifungwe kwenye ubao kwa bolti inayotokeza upande wa pili, yenye washa pana, kabla ubao haujapandishwa.

---

zege_kavu

Upande wa zege: slabu imara inapokea bolti za kutanuka za M10 bila shida. Mambo matatu yanayoziharibu ni vumbi ndani ya tundu, tundu lililo karibu na ukingo, na kukaza kupita kiasi. Toboa, puliza, sugua kwa brashi, puliza tena. Kaa angalau sm 10 kutoka ukingo wowote na sm 10 kati ya bolti na bolti. Kaza kwa kipimo kilichoandikwa kwenye boksi, si mpaka mkono uchoke.

Slabu ya matofali yenye uwazi ni habari nyingine. Ukisikia drili imezama ghafla, umeingia kwenye tundu la tofali na bolti ya kutanuka haina cha kushika. Hapo tafuta mbavu ya zege kati ya matofali, au toboa mpaka upande wa juu na uweke bamba la chuma huko.

---

BoritiMbili

Asante FundiKenchi, hilo la kenchi lilistahili kuwa mwanzo wa uzi.

Kwa wenye kenchi, fremu yenye nguzo ni hii. Boriti mbili za skwea paipu 50 × 50 × 3, urefu mita 3, zikikaa juu ya nguzo nne za aina hiyo hiyo. Hata kilo 90 zote zikikaa katikati ya boriti moja tu, inazama kama mm 12 na chuma kinafanya kazi kwenye theluthi hivi ya uwezo wake kabla ya kupinda moja kwa moja. Kwa boriti mbili ni mm 6. Kwa hiyo ukubwa unatosha. Kinachosumbua ni kuyumba: nguzo nne bila mishazari zinacheza ukianza kuzungusha winchi. Weka mshazari wa sm 50 kila kona, pande zote mbili, na funga nguzo mbili za nyuma kwenye ukuta. Chini ya kila nguzo bamba la 150 × 150 × 6 lenye bolti nne.

Winchi ikifungwa kwenye nguzo badala ya ukuta, nguzo hiyo inavutwa kuelekea juu na ndani. Bolti zake za chini ziheshimiwe.

---

kapi_la_juu

Nyongeza kuhusu waya, maana hapa ndipo nimeona picha za kutisha mtandaoni.

Waya wa mm 4 wa 7×19 unakatika karibu na kilo 900 ukiwa mpya. Gawanya kwa 5, unabaki na 180 za kufanyia kazi. Sawa kabisa kwa waya mkuu wa kilo 100. Lakini puli ziwe na kipenyo cha angalau mara 18 ya waya, yaani mm 72. Zile puli ndogo za mm 30 au 40 zinavunja nyuzi za ndani moja baada ya nyingine, na waya unaonekana mzima kwa nje.

Klipu za waya: kila mwisho uwe na kombe la chuma ndani ya kitanzi, halafu klipu tatu. Tandiko la klipu linakaa upande wa waya unaobeba mzigo, na ile U inakaa kwenye mkia. Zikigeuzwa, U inabonyeza waya unaobeba na kuupunguzia nguvu sana. Umbali kati ya klipu ni kama mara 6 ya kipenyo, hivyo sm 2.5 hivi. Kaza, nyanyua mzigo mara moja, shusha, kaza tena. Waya ukivutwa unakonda kidogo na nati zinalegea. Hatua hii ya kukaza tena ndiyo inayorukwa.

Kamba badala ya waya? Poliesta inafaa. Nailoni inanyumbuka, hadtopu itacheza juu na chini na kila pembe kwa kiasi chake. Kamba ya katani inarefuka na kufupika kwa unyevu. Zile za plastiki za rangi rangi fundo lake linateleza. Ziacheni zifunge maturubai.

---

gereji_ndogo

Nimeelewa kuhusu kenchi, nitajenga nguzo. Je, kile kifaa cha umeme cha kunyanyulia (kimeandikwa 125/250) hakiwezi kuchukua nafasi ya winchi ya mkono? Naona kingerahisisha.

---

mkanda50

Kinaweza, kwa masharti. Namba ya kilo 250 ni pale unapotumia puli ya ndoano inayokunja waya mara mbili. Waya mmoja ni 125 tu. Mzigo wako kwenye waya mkuu ni 100, karibu mno na 125, kwa hiyo tumia wa kukunja. Sababu nyingine ni kasi: waya mmoja unapanda mita 8 hadi 10 kwa dakika, yaani sm 60 zinaisha ndani ya sekunde nne. Hutawahi kuachia kitufe pembe moja ikinasa. Ukikunja, kasi inakuwa nusu, na bado ni haraka kwa kazi hii. Gusa na kuachia, gusa na kuachia.

Mota hizo nyingi zimepangiwa kupumzika: dakika 2 kazi kati ya 10. Kwa hadtopu haisumbui. Kinachosumbua ni kwamba hazikuundwa kushikilia mzigo miezi. Na swichi ya kikomo cha juu iwe inafanya kazi; ijaribu kwa mkono kabla ya kuweka mzigo.

Mimi naipenda ya mkono. Mkono unahisi uzito ukibadilika, mota haihisi.

---

kapi_la_juu

Kwenye ya mkono pia kuna aina. Ile ya racheti tupu, kama ya trela la boti, haifai: ukifungua kidole cha racheti ili kushusha, mzigo wote unahamia kwenye mpini, na mpini ukiponyoka unavunja mkono. Chukua yenye breki ya diski, inayoshikilia yenyewe ukiachia, au ya gia ya minyoo. Ya breki ina tabia moja ya kujua: inahitaji uzito kiasi ili iachie waya. Fremu tupu ikiwa nyepesi mno haishuki, waya unalegea tu kwenye ngoma. Ning'iniza kilo kadhaa kwenye fremu au ivute kwa mkono. Na usipake grisi kwenye zile diski. Gia ndiyo, diski hapana.

---

BoritiMbili

Sasa fremu ya kushikia, maana ndiyo inayogusa gari.

H inakaa juu ya paa, na ncha zake zipite upana wa paa kwa sm 5 kila upande. Ikiwa nyembamba kuliko paa, mikanda inaingia kwa mshazari na kubana kuta za hadtopu kuelekea ndani. Faibaglasi inapinda na kioo cha ubavuni kinachomoka kwenye mpira wake. Mbele, ukishatoa vile vipande viwili, kuna ukingo ulio wazi. Pitisha bomba la kukatiza upana chini ya ukingo huo, juu ya roli keji, lining'inie kwa mikanda miwili kutoka H. Nyuma, fungua kioo na uingize kulabu mbili za umbo la L chini ya kizingiti cha juu. Kila mahali chuma kinapogusa, funga sponji ya kuvalisha mabomba kisha zulia juu yake. Sponji peke yake inabonyea ndani ya wiki chache na chuma kinagusa rangi.

Kioo cha nyuma kifungwe wazi kwa kamba, au kitolewe kabisa. Kukitoa ni kazi zaidi lakini kitovu cha uzito kinasogea mbele, basi pima upya.

Kutoka kwenye ile namba ya ukutani, panga H ili katikati ya pembe zake nne ikae juu ya kitovu cha uzito, na si katikati ya paa. Tofauti ndogo inayobaki irekebishe kwa mikanda: nyuma fupi zaidi kidogo, mbele ndefu. Ukiweza weka vikazio vya skrubu kwenye pembe mbili za nyuma.

---

FundiKenchi

Na utaratibu wa kuvua uandikwe hapa, maana vioo vinavunjika siku ya kwanza:

1. Vipande vya mbele vitoke. Milango ifunguliwe yote.
2. Chomoa soketi ya nyaya za nyuma (waipa na kiyeyusha ukungu) na mpira wa maji ya kioo. Ziko kwenye pembe ya nyuma. Mpira wa maji uzibwe, la sivyo atakayebonyeza swichi ataloesha zulia.
3. Bolti. Wrangler JK ni biti ya nyota T50. Isukume biti mpaka mwisho kabla ya kuzungusha. Ikikaa nusu inakula kichwa. Zihesabu na uziweke chomboni.
4. Vuta waya mpaka ukaze tu. Zunguka gari, gusa kila mkanda: yote minne iwe na ugumu unaolingana.
5. Panda sm 1. Simama. Mpira wa kuzuia maji unaweza kuwa umeng'ang'ania, hasa pembe za nyuma. Usiongeze winchi; ubandue kwa kipande cha plastiki, taratibu.
6. Panda sm 5, zunguka tena, tazama nyaya zote za umeme zimeachia. Kisha endelea, ukisimama kila sm 15.

Pembe moja ikibaki chini, shusha. Usijaribu kuisaidia kwa bega huku mwenzako anazungusha winchi.

---

gereji_ndogo

Ikishafika juu, winchi inatosha kuishikilia au?

---

zege_kavu

Haitoshi, na haijalishi ni ya bei gani. Minyororo minne kutoka H hadi kwenye nanga zake yenyewe, si zile za puli. Nanga ya puli ikichomoka na mnyororo uko kwenye nanga hiyohiyo, vyote vinashuka pamoja. Funga ndoano, halafu legeza winchi kidogo mpaka mzigo uhamie kwenye minyororo, halafu toa mpini wa winchi uuhifadhi kwingine. Mtoto akikuta mpini atauzungusha.

Mnyororo usiwe mrefu. Ukiacha sm 20 za kulegea, siku waya unakatika mzigo unaanguka sm 20 kabla ya kushikwa, na mshtuko huo ni mara kadhaa ya uzito wenyewe.

---

mkanda50

Kuhusu kukaa muda mrefu: ifunike kwa kitambaa kinachopumua. Nailoni iliyofungwa inafuga unyevu, na vichwa vya skrubu vinatoa kutu inayochuruzika kwenye kitambaa cha ndani. Mpira wa kuzuia maji ufutwe na upakwe silikoni, usipakwe mafuta ya petroli wala grisi. Na bomba la mbele lishike upana wote. Faibaglasi ikining'inizwa kwa nukta mbili ndogo kwenye joto la bati inalegea polepole, ukirudisha unakuta ukingo haukutani na kioo cha mbele.

---

BoritiMbili

Kurudisha ni kugumu kuliko kuvua, kwa sababu gari halirudi pale pale. Kabla ya kuvua, gari likiwa chini ya hadtopu, bandika tepu sakafuni kwenye magurudumu mawili ya upande mmoja na funga kipande cha mbao cha kuzuia gurudumu la mbele. Kosa la sm 3 linatosha kufanya bolti zisikutane.

Shusha mpaka ibaki sm 2, sukuma kwa mkono ikae sawa, ndipo ishuke. Angalia mpira haujakunjika ndani popote, na kwamba ile soketi ya nyuma haijabanwa katikati. Anzisha bolti zote kwa vidole, mizunguko mitatu minne kila moja, kabla ya kukaza hata moja. Ukikaza ya kwanza mpaka mwisho, za upande wa pili zitaingia kwa mshazari na kula meno, na kwa kuwa nati zake zimefichwa ndani ya bodi, kuzibadilisha ni kazi ya siku nzima. Kaza kwa kupishana, kushoto na kulia, kuanzia nyuma. Mikanda ibaki imefungwa lakini imelegea hadi bolti ya mwisho iwe imeshika.

---

gereji_ndogo

Dari yangu ikishatolewa nitapata mita 2.55 chini ya kenchi. Kwa mfano wako wa 270 haitoshi.

---

FundiKenchi

Haitoshi kwa kutundika juu ya gari, lakini inatosha kuvua. Fremu ya nguzo ipe magurudumu manne yenye breki, ya kilo 100 kila moja, kipenyo mm 125 kwenda juu ili yavuke nyufa za sakafu. Mishazari ya kona inabaki, ila huwezi tena kufunga kwenye ukuta, kwa hiyo unganisha nguzo mbili za kila ubavu kwa boriti ya chini. Usiweke boriti ya chini mbele wala nyuma: gari linapita hapo. Upana wa ndani uwe wa gari pamoja na vioo vya pembeni, na milango ama itolewe au ifungwe kabla ya kupita.

Badala ya H nzito, tumia mabomba mawili ya kukatiza chini ya hadtopu na mikanda mifupi moja kwa moja hadi kwenye boriti. Ile sm 25 ya fremu, mikanda na puli inashuka hadi 10 hivi, unapata 255. Na hiyo ni kabisa, hakuna akiba. Pima tena roli keji yako, usitumie 175 ya BoritiMbili. Gari likitoka kwa nyuma, shusha hadtopu hadi sm 20 kutoka sakafuni, ikalie mbao mbili zenye zulia, kisha sukuma fremu nzima ukutani. Usiisukume ikiwa imening'inia juu.